Nusu ya mzigo wa protoni ilivyosakwa

Mfanyabiashara aliyewahi kupitisha shehena Namanga, Busia au Rusumo anaijua hofu hii: mizani inasema tani 10, karatasi zinaonyesha tani 5. Lori haliondoki mpaka tani 5 zilizobaki zipatiwe maelezo.

Wanafizikia walikwama kwenye hesabu ya namna hiyo ndani ya protoni, chembe iliyomo katika kiini cha kila atomu, iwe ya shaba, ya chumvi au ya mwili wako.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika maabara ya SLAC huko California, Marekani, elektroni zilikimbizwa kwenye mtambo wa urefu wa kilomita tatu hivi na kuelekezwa kwenye protoni. Nyingi kuliko ilivyotarajiwa zilichepuka kwa pembe kubwa. Ni kama mkaguzi anayechoma bambo kwenye gunia la mchele, mara likagonga jiwe. Ndani ya protoni mlikuwa na chembe ngumu: kwaki. Kazi hiyo iliwapa Jerome Friedman, Henry Kendall na Richard Taylor Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Vipimo hivyo vilisaidia pia kujua kwaki zinabeba sehemu gani ya momenta ya protoni. Momenta ndiyo inayofanya lori lililojaa liwe gumu kusimamisha kuliko baiskeli yenye kasi ileile. Kanuni yake haina msamaha: mafungu yote yakijumlishwa, lazima yafike asilimia 100.

Hayakufika. Kwaki zote kwa pamoja zilibeba takriban nusu tu.

Nusu nyingine ilikuwa mikononi mwa gluoni, chembe zinazozishikamanisha kwaki. Gluoni hazina chaji ya umeme, hivyo elektroni huzipita bila kuzigusa. Ushahidi wa wazi kwamba zipo ulipatikana mwaka 1979 katika maabara ya DESY mjini Hamburg, Ujerumani.

Kuziona ni jambo moja, kupima fungu lake ni jingine. Mtambo wa HERA, uliokuwa Hamburg pia, ulifanya kazi hiyo kuanzia 1992 hadi 2007. Gluoni huzaa jozi za kwaki na antikwaki, na hizo elektroni huzigonga. Kwa kufuatilia jozi hizo, watafiti walikadiria gluoni zilizozizaa. Walikuta kwamba kadiri unavyotafuta chembe zenye fungu dogo zaidi la momenta, ndivyo gluoni zinavyojazana.

Hesabu hiyo ina kazi. Mtambo mkubwa wa CERN una mzunguko wa kilomita 27 chini ya ardhi, na unapita mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Protoni huuzunguka zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde. Zinapogongana, kwa kweli kinachogongana ni kwaki na gluoni zilizomo. Chembe ya Higgs, iliyogunduliwa hapo mwaka 2012, hutokana zaidi na gluoni mbili zinapokutana. Asiyejua gluoni zimebeba kiasi gani hawezi kusema Higgs ngapi zitarajiwe, wala kutofautisha ugunduzi mpya na kosa la hesabu.

Ndiyo maana upimaji haujakoma. Mtambo mwingine wa elektroni umepangwa kujengwa Brookhaven, jimboni New York, ili kulihakiki fungu la gluoni kwa makini zaidi. Mzigo wote umeshajulikana ni wa nani; kinachotafutwa sasa ni orodha kamili.