Mtoto si mkoba, usimpakate!

Leo tuyaache kidogo mambo ya mapenzi. Nataka tuongee habari ya paji la uso la mpwa wangu.

Mwaka jana tulitoka Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay kumsalimia bibi yake. Shemeji alikuwa kwenye usukani wa kigari chake cha kutoka Japani, dada nyuma na mizigo, mie mbele nimempakata binti wa miaka sita. Si unajua tena, anko ndiyo kiti!

Wanaoijua njia ile watanielewa. Kilomita 66, siku hizi lami, lakini unateremka milima ya Umatengo kona baada ya kona mpaka ziwani. Enzi za vumbi na matope gari lilitambaa. Lami imeleta mwendo. Kwenye kona moja mbuzi wakaingia barabarani, shemeji akakanyaga breki. Nilikuwa nimemshika kwa mikono miwili, jamani, lakini alinichomoka kama sabuni. Paji likaenda kwenye dashibodi. Nyuzi nne!

Na hapo hatukugonga kitu, ilikuwa breki tu. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga, mtoto wa kilo 20 anaweza kuvutwa mbele kwa nguvu ya kama kilo 400. Hayo ni magunia sita ya kahawa na ushee. Nani mwenye mikono ya kuyazuia?

Dada akaagiza Dar kiti cha kumwinua mtoto, chenye mgongo. Kikaja kwa basi. Tukadhani ni kazi ya dakika mbili, kumbe wapi! Vifungio vya mikanda ya nyuma vilikuwa vimezikwa chini ya kava. Kava likachanwa, shemeji ananuna. Tukakiweka katikati, kumbe pale kuna mkanda wa kiunoni tu, na kiti hiki kinataka mkanda unaopita kiunoni na begani. Tukakihamishia nyuma ya abiria wa mbele, kikakaa.

Siri yake ni hii: kiti chenyewe hakimshiki mtoto, kinamwinua ili mkanda wa mtu mzima umkae sawasawa. Wa chini ulale juu ya mapaja, si tumboni. Wa juu upite katikati ya bega na kifua, si shingoni wala kwapani. Ukikaa vibaya, ajali ikitokea mkanda wenyewe unaumiza utumbo na shingo. Nchi nyingine zinataka mtoto akitumie mpaka afike sentimita 135, nyingine 150.

Cha ajabu, huko Japani yanakotoka magari yetu, tangu Aprili 2000 sheria inamtaka dereva amweke mtoto wa chini ya miaka 6 kwenye kiti chake. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 ilipotungwa haikuwa na habari hizo. Gari tumelinunua, kiti tumewaachia wenyewe.

Utaniambia huna gari. Hata mimi sina! Lakini lifti unapanda. Kama kiti hakuna, mtoto akae nyuma, na mkanda wake peke yake. Usimpakate, wala usijifunge naye mkanda mmoja.

Safari iliyofuata bibi alitupokea kwa maneno: "Mjukuu wangu mmemfunga kama mbuzi wa mnadani?" Sikujibu. Nilimsogeza binti, nikamfunua paji. Bibi akalishika lile kovu kwa kidole, kimya. Tulipoaga, ni yeye aliyeinama dirishani kuvuta mkanda, kuona kama umeshika.

Kwa leo naishia hapa. Kovu lile kila nikilitazama najua limetoka mapajani kwangu. Lako lisiwepo. Tukutane tena, Mungu akipenda.