Ulitoa ‘mawe ya nyongo’ kwa ndimu na mafuta? Soma hii kwanza

Wacha tuanzie chooni. Samahani kama unakula.

Asubuhi moja nilikuwa nimeinama kwenye choo cha ploti, tochi ya simu mkononi, nikihesabu vijiwe. Vilikuwa 23, vya kijani, laini kama maharagwe yaliyoiva. Nilipiga picha nikamtumia beshte yangu: “Vimetoka!”

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimebugia nusu kikombe cha mafuta ya zeituni na maji ya ndimu, baada ya kushinda na juisi ya tufaha na chumvi ya Epsom. Hiyo video unaijua. Kila mtu ashatumiwa.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa usiku nikishakula chipsi. Yanapanda hadi begani, yanakaa saa moja au mbili, kisha yanatulia kama hayakuwapo. Nikanunua dawa ya vidonda vya tumbo. Wapi! Mwishowe picha ya ultrasaundi ikaonyesha vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Hadi siku hiyo, kijiwe nilichokijua ni cha kupigia stori mtaani.

Daktari alitaja upasuaji, mimi nikasikia bili. Chuo chenyewe niliacha kwa kukosa karo, hizo pesa ningetoa wapi? Nikageukia video.

Wiki tatu baadaye maumivu yalirudi na hayakutulia. Macho yakawa ya njano, mkojo rangi ya chai ya rangi. Picha ya pili ikaonyesha vijiwe vyangu vyote viko, ila kimoja kilikuwa kimeteleza na kuziba mrija wa nyongo.

Sasa vile 23 vilikuwa nini? Sabuni. Usicheke. Mafuta mengi yakikutana na maji ya ndimu ndani ya tumbo, yanaweza kuganda kuwa mabonge ya sabuni, na nyongo inayapaka ukijani. Mwaka wa 2005 jarida la The Lancet lilichapisha taarifa kutoka New Zealand kuhusu mgonjwa aliyetoa ‘mawe’ kama yangu. Yalipopimwa hayakuwa na kolesteroli, na kwenye joto la nyuzi 40 yaliyeyuka kwa dakika 10. Yaani unatengeneza ‘mawe’ usiku, unayashangilia asubuhi.

Hatari iko hapa: mfuko wa nyongo kazi yake ni kuhifadhi nyongo inayotoka kwenye ini, na ukila mafuta unajikaza kuimwaga. Ukiupiga nusu kikombe cha mafuta kwa mpigo, unajikaza kweli kweli, na jiwe linaweza kusukumwa hadi kwenye mrija. Vidonge vya manjano navyo vinaukaza mfuko huo, kwa hivyo kama una vijiwe usivimeze kabla ya kumuuliza daktari. Manjano kidogo kwenye mchuzi ni sawa.

Je, jikoni hakuna msaada? Upo, lakini ni wa kuzuia, si wa kuyeyusha. Usishinde njaa kutwa halafu ujilipe na chipsi usiku. Nyongo ikikaa sana bila kumwagwa inakuwa nzito, na hapo ndipo vijiwe huanzia. Kula sukuma, ndengu, maharagwe na matunda. Punguza vya kukaanga. Tembea.

Na kama unataka kupunguza mwili, nenda polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Mimi nilikuwa nimekata kilo 14 kwa miezi miwili, nikisifiwa kila nikipita. Hakuna aliyeniambia kwamba kukonda haraka hivyo ni njia mojawapo ya kupata vijiwe. Wanawake tuko kwenye hatari zaidi kuliko wanaume, hasa wakati wa ujauzito.

Si kila mwenye vijiwe hukatwa. Wengi wanavyo na haviwasumbui, basi huachwa hivyo. Lakini ukiwa na homa au baridi ya kutetemeka, macho ya njano, kutapika kusikokoma au maumivu yanayopita saa chache, usichemshe kitu. Nenda hospitali usiku huo huo.

Mimi nilitolewa kile kilichoziba, kisha mfuko wote, kupitia matundu madogo tumboni. Ini linaendelea kutengeneza nyongo, na chakula nakula kama kawaida. Ila kwa kuwa nilifika nimezidiwa, nililazwa mara mbili, na bili ikawa kubwa kuliko ile niliyoikimbia. Mamangu aliuza ndama wake.

Ile picha ya chooni bado ninayo. Beshte yangu aliisambaza kwa watu kama ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Ikikufikia, mtumie aliyekutumia makala haya.