Mama ana saratani ya titi hatua za mwanzo: Aondolewe titi lote au uvimbe tu?

Majibu ya biopsi yametoka. Daktari amesema ni saratani ya titi, ila imewahiwa. Halafu akaongeza jambo ambalo hamkulitarajia: kuna njia mbili za upasuaji, mkakae mzungumze, mrudi na jibu.

Jioni kikao kinaanza. Mjomba anasema titi litolewe lote, yaishe. Dada yako anapiga simu kutoka mkoani, anasema Mama asikatwe kwanza, kuna mtu anatoa dawa. Wewe ndiye uliyesoma, kwa hiyo macho yote yako kwako. Mama mwenyewe amekaa kimya.

Kabla hujatoa neno, haya ndiyo unayotakiwa kuyajua.

Njia hizo mbili ni zipi?

Ya kwanza ni kuondoa titi lote.

Ya pili ni kutoa uvimbe pamoja na nyama kidogo inayouzunguka, titi linabaki. Baada ya hapo mgonjwa anapigwa mionzi kwenye titi hilo ili kuua seli za saratani zilizobaki ambazo jicho halizioni.

Kwa njia zote mbili, daktari kwa kawaida hupima pia tezi za kwapani, kwa sababu huko ndiko saratani ya titi hukimbilia mara nyingi.

Si likitolewa lote ndiyo anapona zaidi?

Hapa ndipo familia nyingi hukosea, na si kosa la kushangaza. Hata madaktari waliamini hivyo kwa miaka mingi.

Kuanzia miaka ya 1970, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Bernard Fisher, na wa Italia wakiongozwa na Umberto Veronesi, waliwagawa wanawake wenye saratani ya mapema katika makundi. Wengine waliondolewa titi lote, wengine wakatolewa sehemu yenye uvimbe tu na kupewa mionzi. Wakafuatiliwa kwa miaka 20.

Matokeo yalitoka mwaka 2002: wanawake wa makundi yote waliishi sawa. Kuondoa titi lote hakukuwaongezea maisha.

Kwa nini? Kwa sababu saratani ya titi huua inaposafiri kwenda kwenye mapafu, ini, mifupa au ubongo. Kisu hakizifuati seli zilizokwishasafiri. Zinazozifuata ni dawa, kama kemo au vidonge vya kuzuia homoni. Ndiyo maana kama Mama atahitaji kemo au la, kwa kawaida inategemea aina ya saratani na ilipofikia. Haitegemei amechagua upasuaji upi.

Lakini mionzi si hiari

Katika utafiti ule wa Marekani kulikuwa na kundi la tatu: waliotolewa uvimbe bila kupata mionzi. Ndani ya miaka 20, saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa wanawake 39 kati ya 100. Kwa waliopata mionzi, ilirudi kwa 14 kati ya 100.

Kwa hiyo kubakiza titi halafu mionzi ikaishia njiani ni kufanya nusu ya tiba. Baadhi ya wazee wenye uvimbe mdogo unaosikia dawa za homoni wanaweza kuambiwa mionzi si lazima, lakini hilo aseme daktari, si kikao cha familia.

Sasa tuje kwenye hali halisi

Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, mara nyingi kwa wiki tatu hadi tano. Kila mara ni dakika chache tu na haiumi. Kazi ipo nje ya kile chumba.

Mashine za mionzi haziko kila mkoa. Zipo kwenye hospitali chache kubwa kama Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza. Kama Mama anaishi Songea au Kigoma, atalala wapi mwezi mzima? Nani ataongozana naye? Nauli na chakula vitatoka wapi? Bima inalipia mionzi yote au sehemu? Foleni ya kuanza ni ya muda gani?

Msione aibu kuyauliza haya. Mama anaweza kuchagua kuondoa titi lote kwa sababu tu safari ya mionzi haiwezekani, na huo ni uamuzi wa busara. Ila kuondoa titi nako hakumhakikishii kwamba atakwepa mionzi. Saratani ikikutwa kwenye tezi za kwapani, anaweza kuihitaji bado.

Nani hana chaguo?

Daktari anaweza kushauri titi lote litolewe kama:

- uvimbe ni mkubwa ukilinganisha na titi (wakati mwingine dawa hutangulia ili kuupunguza)
- kuna saratani sehemu kadhaa tofauti za titi
- alishawahi kupigwa mionzi kifuani
- nyama iliyouzunguka uvimbe bado ina seli za saratani hata baada ya kurudia upasuaji

Maswali ya kwenda nayo kwa daktari

Yaandike kwenye simu, na majibu yaandike palepale:

1. Saratani ya Mama ni hatua ya ngapi na ni ya aina gani?
2. Njia zote mbili zinamfaa? Kama hapana, kwa nini?
3. Mionzi itaanza lini, wapi, na ni mara ngapi?
4. Kuna uwezekano wa kurudia upasuaji?
5. Tezi ngapi za kwapani zitatolewa, na mkono unaweza kuvimba baadaye?
6. Akitolewa titi lote, anaweza kutengenezewa jingine au kupata la bandia la kuvaa ndani ya sidiria?

Tuna muda gani?

Kwa kawaida wiki chache za kuuliza na kufikiri hazina shida. Miezi ya kuzunguka kwa watoa dawa ina shida kubwa, kwa sababu saratani iliyowahiwa haitabaki ya mapema. Hilo mwambie na dada.

Na Mama anasemaje?

Usimwambie "kwa umri wako titi la nini?" Kuna mama wa miaka 70 ambaye kulipoteza kutamuumiza moyo, na kuna wa miaka 45 ambaye hatalala usingizi mpaka litoke lote. Wote wako sahihi.

Kikao kikiisha, mfuate mkiwa wawili tu. Mweleze kwa lugha ya nyumbani kwamba njia zote mbili, zikikamilishwa, zinampa nafasi sawa ya kuishi. Kisha muulize: "Mama, wewe unaogopa nini zaidi?"

Halafu nyamaza, umsikilize. Jibu hilo ndilo la kurudi nalo kwa daktari.