Bangi: dawa au uhuru wa mtu?

Ukikaa kijiweni hapa Songea, Majengo au Lizaboni, mjadala wa kuhalalisha bangi haukosi hoja mbili. Wa kwanza atasema, "Ni dawa." Wa pili atasema, "Mwili ni wangu." Hoja hizi si moja, na zikichanganywa anayeumia ni mgonjwa.

Hoja ya uhuru huamuliwa mahakamani na bungeni. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu mtu mzima kutumia bangi faraghani. Haikusema bangi inatibu. Ilitetea haki ya faragha, na watoto hawakuhusishwa. Kwetu, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki na kutumia bangi.

Hoja ya tiba hudai ushahidi na kipimo. Kutokana na afyuni hutengenezwa heroini, lakini pia hupatikana mofini, ambayo hospitali huwapa wagonjwa wa saratani wenye maumivu makali. Mofini ni dawa kwa sababu kiasi chake kinajulikana na daktari anamfuatilia mgonjwa. Hivyo, ukiandikiwa, usiikatae kwa kuogopa kuitwa teja.

Bangi nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji yenye kanabidioli, inayotokana na bangi, kwa aina chache za kifafa kikali cha watoto. Dawa hiyo imesafishwa, na kile kinacholevya karibu hakimo kabisa. Majani yaliyochemshwa nyumbani hayana kipimo, na kilevi kimo. Ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi takriban miaka 25, na bangi humwongezea hatari ya kupoteza kumbukumbu na kuugua akili.

Mzazi, ukishauriwa kumnywesha bangi mtoto mwenye kifafa, usikubali. Usimkatishe dawa za hospitali pia. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo. Akiendelea kuanguka, mrudishe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kama tayari umempa kitu, hata bangi, mweleze daktari bila kuficha, maana inaweza kugongana na dawa atakazompa.

Mtu mzima anaweza kudai uhuru wa mwili wake. Mtoto anayeshikiwa kikombe hajachagua, umemchagulia wewe. Kabla hajanywa, uliza: kuna nini ndani, kiasi gani, na nani atamfuatilia?