Mshahara wa Zamani Usiutaje Mwenyewe

Wana-Siha wa Kilimanjaro wanaoishi Marekani wameuliza tena: mwajiri mpya akitaka kujua nilikuwa nalipwa kiasi gani, nimjibu? Dada yetu mmoja wa Sanya Juu alijibu kabla hata hajaulizwa. Alitaja ujira wa kutunza wazee, kazi aliyoifanya kabla ya kupata leseni ya uuguzi. Ofa ikaja chini ya wenzake wa zamu ileile.

Nyumbani Tanzania hati ya mshahara huombwa na benki, na SACCOS, na bosi mpya, nasi huitoa bila kuwaza. Huku kila jimbo lina lake. Massachusetts, tangu Julai 2018, mwajiri haruhusiwi kukuuliza mshahara wa zamani kabla hajakupa ofa yenye kiwango cha malipo. California walianza Januari 2018, jimbo la New York 2020, Minnesota 2024. Texas hakuna sheria hiyo, kwa hiyo ndugu wa Houston anaulizwa waziwazi. Nchi moja, haki inabadilika ukivuka mpaka wa jimbo.

Watu wananaswa hapa: sheria inamfunga mwajiri, wewe haikufungi mdomo. California, ukiutaja mwenyewe bila kuchokozwa, anaruhusiwa kuutumia kukupangia malipo. Afisa ajira mjanja haulizi kitu. Ananyamaza, na sisi tuliofundishwa kutomwacha mkubwa bila jibu tunaujaza ukimya huo kwa tarakimu.

Mrudishie swali: "Nafasi hii mmeitengea kiasi gani?" California mwajiri akiombwa baada ya usaili wa kwanza lazima aseme, na tangu 2023 mwenye wafanyakazi 15 au zaidi lazima akiweke kiwango kwenye tangazo lenyewe. Lisome kabla ya kupiga simu. Kwa wa Texas, sema kwa adabu kwamba ungependa kuzungumzia kazi iliyopo, kisha taja kiwango unachotaka.

Ila usidanganye. Mwajiri anaweza kuthibitisha, na uongo ulioandikwa kwenye fomu unaweza kukufukuzisha hata ukiwa umeshazoea kazi.

Kama ulihudumia wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya Kibong'oto, taja miaka yako, taja wodi, taja ulichojifunza. Hivyo ndivyo vinavyostahili kulipiwa. Ulicholipwa huko hakimhusu, na asipouliza, usimpe.