Dawa ya Akiba: al-Balkhi na Maradhi ya Kila Siku (Sehemu ya Tatu)

Kila ifikapo Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1992, redio na magazeti hujaa mashauri kuhusu sonona. Ni jambo jema. Wanaosahaulika ni watu wenye maradhi madogo: fundi aliyekosa kibarua kwa mafua, mkulima ambaye mgongo haumruhusu kuinama, kijana aliyetegua kifundo cha mguu juma la mashindano. Hao nao wana la kujifunza kwa Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934.

Wasomaji wa sehemu zilizotangulia wameshamjua: mtoto wa mwalimu kutoka kijiji cha jirani na Balkh, Afghanistan ya leo, aliyefunga safari hadi Iraki kutafuta elimu. Alipopewa uwaziri aliukataa, akaridhika na ukatibu. Wanajiografia wanamkumbuka kwa ramani, hata kundi zima la wachoraji ramani wa Kiislamu limepewa jina lake. Lakini kazi yake kubwa ni *Masalih al-Abdan wa al-Anfus*, kitabu cha maslahi ya miili na nafsi, ambacho nakala yake ya mkono ilihifadhiwa Istanbul, na picha za kurasa zake zikachapishwa Frankfurt mwaka 1984. Kingefaa kusomwa katika kila chuo chetu cha uuguzi.

Hoja yake ni nzito. Mtu, anasema, aweza kupitisha miaka mingi bila kuugua mwili, ilhali nafsi yake husumbuliwa karibu kila siku, kwa hasira, hofu, huzuni au waswasi. Na viwili hivyo havitengani: mwili ukiugua, akili hupungukiwa na nguvu, nafsi ikiumia, mwili hukosa raha na huweza kuugua nao. Basi mwenye busara, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla ya homa, aweke pia fikra njema angali mzima. Ajizoeze kukubali kwamba dunia haikuumbwa kumpa kila mtu kila anachotaka, asije akaona mafua ni msiba.

Kwa hiyo kuchagua mtazamo ni kazi ya siku za afya. Anayengoja hadi alale kitandani amechelewa, kwani maumivu hayampi nafasi ya kujifunza.

Wapo wanaolipotosha fundisho hili, wakamwambia mgonjwa awaze mema tu atapona. Huo ni ukatili. Al-Balkhi alianza na mwili: makazi, chakula, maji, usingizi, hamamu, mazoezi, hata muziki, nafsi ikafuata katika sehemu ya pili ya kitabu. Hakuiweka moja badala ya nyingine. Leo kikohozi kilichofikia wiki mbili kinapaswa kupimwa kifua kikuu, hata mgonjwa awe mchangamfu namna gani, na dawa za shinikizo la damu haziachwi kwa sababu moyo umetulia.

Sehemu ijayo itaingia sura ya hasira.