Kitabu cha Gari Hakiijui Kisumu

Chukua gari la zamani la mbio, lisilo na turbo, ambalo Mombasa humaliza robo maili kwa sekunde 14. Lipakie kwenye lori, lifikishe Kisumu bila kuguswa hata skrubu moja, kisha lipangwe mstarini siku yenye joto lile lile la nyuzi 30. Litamaliza kwa sekunde 14.65 hivi. Katika mbio za dragi, ambapo magari mawili hukimbizana sambamba kwenye mita 402 za lami iliyonyooka, pengo hilo ni zaidi ya mita 25. Mshindi ameshavuka, na kati yake na aliyeshindwa zingeweza kupangwa matatu tano.

Hakuna kilichoharibika njiani. Ziwa Victoria limelala mita 1,130 hivi juu ya bahari, na huku juu hewa ni nyepesi: kanieneo yake ni kama kilopaskali 88, wakati Mombasa ni 101. Injini ni pampu ya hewa kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Kila pistoni ikishuka huvuta ujazo ule ule, ila ndani ya ujazo huo oksijeni imepungua kwa asilimia 13, na nguvu hupungua karibu kwa kiasi hicho hicho.

Bahati nzuri ni kwamba mbio hizi zina hesabu yenye huruma. Wamarekani, ambao chama chao cha NHRA kimezisimamia tangu 1951, hukadiria muda kwa kugawanya uzito wa gari kwa nguvu zake, kisha kutafuta kipeuo cha tatu cha jibu. Maana yake, ukiongeza nguvu mara nane, muda unapungua nusu tu. Lakini pia maana yake ni kwamba uzito na nguvu vina thamani sawa. Gari la kilo 1,000, dereva akiwa ndani, likipunguzwa kilo 130, limerudishiwa kila kitu ambacho mwinuko wa Kisumu umelinyang'anya. Viti vya nyuma, zulia, tairi la akiba, vioo vizito vya milango: fundi mwenye spana na subira anaweza kuanzia hapo kabla hajanunua chochote.

Ila gari lililolala miaka kumi uani halianzi na mbio. Linaanza na kutowashwa. Kosa kubwa kuliko yote ni kuweka betri mpya na kupiga stata kwa hamu ya kusikia mlio. Ringi zilizokauka zimeshikana na silinda kwa kutu, na mzungusho wa ghafla unaweza kuzikwangua au kuzivunja. Fundi makini hufungua plagi, humimina oili kidogo kwenye kila silinda, huiacha siku kadhaa, kisha huzungusha krenki kwa mkono.

Halafu huja kipimo cha mgandamizo, na hapo ndipo kitabu cha kiwandani kinapoweza kumpoteza mtu. Tuseme kitabu kinasema silinda nzima isome pauni 180 kwa inchi ya mraba. Kimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Injini hiyo hiyo, ikiwa na afya kamili, Kisumu itasoma kama 157. Asiyelijua hilo atafungua injini isiyoumwa na kununua pistoni zisizohitajika. Anayelijua hulinganisha silinda na silinda. Zikikaribiana, shwari. Moja ikianguka, anaongeza kijiko cha oili na kupima tena: namba ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, atazame vali au gasketi.

Maji nayo yana siri yake. Kisumu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na wapishi wa chai wa Kericho, walio juu zaidi, wanayaona yakichemka mapema kuliko hapo. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachozuia hilo kwa kubana maji ndani. Springi yake ikilegea, gari litachemsha likisubiri zamu yake mstarini, na lawama zitaiangukia rejeta.

Breki hazina mjadala. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na yakipata moto mkali maji yaliyomo hugeuka mvuke. Mvuke hubanika, mafuta hayabaniki, kwa hiyo pedali inazama hadi sakafuni. Gari linalofika mwisho likiwa na kasi ya kilomita 150 kwa saa linahitaji mafuta mapya, mipira mipya ya silinda za breki, na tairi ambazo umri wake umesomwa ubavuni. Tairi yenye kashata nzuri inaweza kuwa imeshakufa ndani.

Nyufa ni habari nyingine. Chuma cha mbio huchoka kwa kutingishwa, na ufa mwembamba kwenye mkono wa usukani hauonekani kwa macho. Njia ya zamani ya karakana bado inafaa: kipande hupakwa mafuta ya taa, hufutwa kikakauka, kisha hupakwa unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda juu na kuuchora. Ni sayansi ya gharama ndogo, inayoweza kufanywa kwenye kibanda chochote cha jua kali mjini.

Magharibi mwa Kenya ina mfano wake wa gari kuukuu lililorudi na kuwashinda wapya, ingawa lilikimbia mbio za aina nyingine. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, kilomita 80 hivi kutoka Kisumu, na alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia Safari Rally na Volvo PV544 iliyokwishatumika, gari la timu ya kiwanda lililokuwa limekimbia Safari ya mwaka uliotangulia. Walilifungua, wakalijenga upya, wakashinda. Mtu anaweza kusema ilikuwa bahati, lakini gari lililokwisha kuteswa lina faida moja ambayo jipya halina: limeshaonyesha linapovunjikia. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo kwa Mitsubishi Lancer.

Baada ya chuma kuna mafuta. Kabureta ya zamani haina ubongo. Imetobolewa jeti za kupimia petroli ya hewa nzito, na Kisumu huendelea kumwaga karibu kiasi kile kile kwenye hewa nyepesi. Plagi hutoka nyeusi tititi, zimepakaa masizi. Fundi hushusha ukubwa wa jeti hatua kwa hatua hadi ncha ya plagi iwe na rangi ya kahawia hafifu.

Hapo uwanda wa miwa wa Nyando una la kusema. Muhoroni kuna kiwanda kinachogeuza molasi kuwa ethanoli, na kati ya 1983 na 1993 Kenya ilichanganya asilimia 10 ya ethanoli katika petroli. Kwa mtu wa dragi, pombe hiyo ni hazina. Okteni yake ni takriban 109, hivyo injini inaweza kubana zaidi bila kugonga. Na inapogeuka mvuke hupoza hewa inayoingia: kwa hewa ile ile, baridi inayoletwa na ethanoli ni kama mara nne ya ile ya petroli. Hewa iliyopozwa hujikusanya, na injini inapata tena sehemu ya oksijeni iliyoikosa.

Bei yake ni kwamba inanywewa kwa wingi, mara moja na nusu kuliko petroli, kwa hiyo jeti zile zilizopunguzwa sasa lazima zipanuliwe. Inalainisha mipira ya zamani ya kupitishia mafuta. Inavuta maji kutoka hewani, na pembeni mwa ziwa hakuna uhaba wa unyevu. Tangi lisiachwe nusu usiku kucha.

Kitu kimoja hakiuzwi dukani, nacho ni saa. Mchana wa nyuzi 30, upepo wa ziwa ukipanda kuelekea mjini, hewa inazidi kulegea. Alfajiri ya nyuzi 18 inabana zaidi kwa asilimia 4, na gari letu la sekunde 14.65 linashuka hadi 14.45 bila kubadilishwa hata nati. Fundi anayejua hivyo hulifikisha gari mstarini kabla ya jua, na jeti za mchana akiwa nazo mfukoni.